Uzi: Ile "binadamu na panya ni asilimia 99" inahesabiwa vipi? Wenye maswali karibuni

Mpima_Damu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna ujumbe unazunguka WhatsApp hapa Moshi, umefika mpaka grupu la jumuiya yetu: "Wanasayansi wamethibitisha binadamu ni panya kwa asilimia 99." Chini yake picha ya panya kavaa tai. Wengine wanacheka, wengine wamenuna, na mwalimu mmoja kahitimisha kwamba basi dawa iliyomfaa panya lazima itufae na sisi. Hapo nikaona bora nifungue uzi, maana grupu la jumuiya si mahali pa kubishana hadi saa sita usiku. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu damu na mikojo ya watu. Si mtafiti wa jeni, ila hili nimelifuatilia na linanikera likipindishwa.

Namba yenyewe haikutungwa. Ilitoka Desemba 2002, jarida la Nature lilipochapisha rasimu ya jenomu, yaani maandishi yote ya DNA, ya panya mdogo wa nyumbani, karibu miaka miwili baada ya rasimu ya binadamu kutoka Februari 2001. Panya aliyesomwa alikuwa jike wa ukoo wa C57BL/6J, wale weusi wa maabara. Ukoo huo ulianzishwa Marekani mwaka 1921 kutokana na panya wa mama mmoja aitwaye Abbie Lathrop, aliyekuwa akifuga panya wa mapambo na kuwauza. Yaani panya anayewakilisha wenzake wote duniani katoka kwenye mabanda ya mfugaji.

Sasa asilimia 99 ni jibu la swali gani? Watafiti waliuliza: tukichukua jeni moja ya panya, yaani kipande kimoja cha maandishi hayo chenye kazi yake, je, ina ndugu yeyote kwenye jenomu ya binadamu, hata wa mbali? Kwa jeni 99 katika kila 100, jibu ni ndiyo. Basi. Hapo hakuna aliyesema herufi za DNA zinafanana kwa asilimia 99.

Ukibana swali kidogo, ukauliza kama jeni ya panya ina mwenzake mmoja tu kwa binadamu ambaye unaweza kumnyooshea kidole, unashuka hadi asilimia 80 hivi. Ukiwaweka wenza hao wawili ukasoma herufi kwa herufi zile sehemu zinazotengeneza protini, wastani ni kama asilimia 85, na kuna jeni zilizo chini sana ya hapo. Ukiachana na jeni ukabeba jenomu nzima, herufi za binadamu zinazoweza kulazwa sambamba na za panya ni asilimia 40. Na sehemu ambayo inaonekana kulindwa isibadilike tangu ukoo wetu na wa panya ulipoachana ni kama asilimia 5 tu.

Kazi ni moja, mwaka ni mmoja, waandishi ni wale wale: 99, 80, 85, 40, 5. Aliyetengeneza ule ujumbe kachagua iliyomfurahisha.

Nawasilisha. Maswali ruksa, matusi hapana.

Chalii_wa_Sakina

Oya mkuu, naweka kambi hapa. Kwa hiyo nikikubana utaje moja, unataja ipi?

Mpima_Damu

Sitaji mpaka uniambie unataka kuitumia wapi. Kama unatafuta jeni ya ugonjwa fulani, ile 80 inakuhusu. Kama unataka kumtisha mkeo kwenye WhatsApp, endelea na 99.

Mzee_wa_Kibosho

Vijana wangu, mimi ni katekista mstaafu. Nisaidieni kwa lugha nyepesi. Mnasema babu yetu alikuwa panya?

Mpima_Damu

Shikamoo mzee. Hapana, hakuna anayesema hivyo. Kinachosemwa ni kwamba ukoo wetu na ukoo wa panya una mzazi mmoja wa zamani sana, mnyama mdogo wa kunyonyesha ambaye hakuwa panya wala mtu. Ile kazi ya 2002 iliweka muda huo kwenye miaka milioni 75 hivi, na makadirio mengine yanasogea hadi milioni 90. Huu mlima unaouona ukitoka nje asubuhi haujafikisha miaka milioni 3. Tangu tuachane, panya kabadilika kwenda kwake na sisi kwenda kwetu. Tena yeye kabadilika haraka zaidi kwa hesabu ya herufi, kwa sababu kizazi chake ni cha wiki chache.

Mzee_wa_Kibosho

Marahaba. Hapo nimekusoma. Mengine nitajadiliana na paroko.

Dada_wa_Njiro

Uzi mzuri, ila mleta mada umeruka kitu. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Arusha na swali la kwanza la wanafunzi huwa ni hili: binadamu ana kromosomu 46 (zile nyuzi zinazobeba jeni), panya ana 40. Sasa mnalinganishaje vitu ambavyo hata idadi haifanani?

Pia ongeza kwamba mwaka 2002 walikuwa wanakadiria jeni 30,000 kila upande. Leo jeni zinazotengeneza protini zinahesabiwa kama 20,000, na panya anatuzidi kidogo. Watoto darasani hiyo huwa inawauma kweli.

Mpima_Damu

Ahsante dada, hilo la 20,000 umenisaidia.

Kuhusu kromosomu: chukua kitabu cha nyimbo cha kwaya kilichochanika, fundi akakishona upya bila kufuata namba za kurasa. Nyimbo zipo, na ndani ya kila bunda la kurasa zimefuatana kama mwanzo, lakini mabunda yamehama. Zaidi ya asilimia 90 ya jenomu zote mbili inagawanyika kwenye mabunda ya aina hiyo, na ile kazi ya 2002 ilihesabu vipande 342 ambavyo mpangilio wake umebaki.

Kuna mahali mambo yamebaki safi kabisa. Kromosomu 17 ya binadamu yote inaangukia ndani ya kromosomu 11 ya panya. Kromosomu 20 yetu yote iko ndani ya kromosomu 2 yao. Kromosomu X nayo imebaki X kwa X, ingawa ndani yake vipande vimepangwa upya. Kwa hiyo mtafiti akishajua ugonjwa wa panya unakaa sehemu gani ya kromosomu 11, anajua pa kuanza kutafuta kwa binadamu. Kwangu mimi faida kubwa ya kulinganisha ni hiyo, kuliko asilimia zote.

Dada_wa_Njiro

Sawa. Na kuna jeni ambazo hazina ubishi kabisa. PAX6 ya macho, protini yake kwa panya na kwa binadamu ni ile ile, asidi amino 422 (matofali yanayoijenga), hakuna hata moja iliyobadilika. Panya akipata nakala moja mbovu anazaliwa na macho madogo. Mtu akipata nakala moja mbovu anazaliwa bila ule mviringo wenye rangi kwenye jicho, au ukiwa umebaki kidogo tu. Mwaka 1995 watu wa Walter Gehring kule Uswisi waliiwasha jeni hiyo ya panya kwenye mwili wa nzi, macho yakaota kwenye miguu na mabawa. Macho ya nzi, si ya panya!

Choma_Kijenge

Naomba niingie na la kwangu, msinicheke. Nina banda la nyama choma Kijenge. Mwaka huu kidole gumba cha mguu kimeniwaka usiku hadi shuka linaniuma. Nikaambiwa ni gauti, punguza nyama nyekundu na bia. Sasa panya wanakula mabaki ya banda langu kila siku, mafuta, maini, figo, kila kitu. Mbona wao hawachechemei? Kama tunafanana kwa hiyo 99 au 80 sijui, hilo limekaaje?

Mpima_Damu

Hili swali nalipenda kuliko yote, mkuu, na wala sikucheki.

Ukila maini, figo na nyama, mwili unavunja vitu viitwavyo purini, na mwisho wake inatoka asidi ya yuriki. Bia nayo inaongeza. Asidi hiyo haiyeyuki vizuri. Ikizidi kwenye damu inaganda kuwa vichembe vyenye ncha kama sindano, na inapenda kukaa penye baridi, ndiyo maana kidole gumba kinaonja kwanza. Nikichukua maji ya kiungo cha mtu wa gauti nikayaweka chini ya hadubini, vile visindano naviona, virefu, vimechongoka pande mbili, vingine viko ndani ya seli nyeupe iliyojaribu kuvimeza.

Panya yeye ana jeni ya kimeng'enya kinachoitwa yurikesi. Kinaichukua ile asidi na kuigeuza kuwa alantoini, kitu kinachoyeyuka kirahisi na kutoka na mkojo. Anakula maini yako analala fofofo.

Sasa jambo lenyewe: jeni hiyo na wewe unayo. Iko mahali pake, imo kwenye ile hesabu ya jeni zenye ndugu. Ila imekufa. Kwenye ukoo wa binadamu na masokwe ilipata makosa ya herufi, ikiwemo alama ya "simama" katikati ya sentensi, na kimeng'enya hakitoki tena. Hilo lilitokea mamilioni ya miaka iliyopita, kabla hatujawa watu.

Mwaka 1994 watafiti Marekani waliiharibu makusudi jeni hiyo kwa panya, waone akibaki kama sisi atakuwaje. Asidi ya yuriki kwenye damu ilipanda kama mara 10, figo zikajaa vichembe, na zaidi ya nusu ya panya hao wakafa kabla ya wiki 4. Sisi tuna kasoro ile ile na tunaishi, maana mwili wetu umekuwa na muda mrefu wa kuizoea. Jeni moja, kasoro moja, mmoja anakufa utotoni, mwingine anachechemea akiwa na miaka 50.

Vitamini C ni hivyo hivyo. Panya anajitengenezea mwenyewe, sisi jeni yake ipo lakini imekufa, ndiyo maana tunahitaji machungwa na yeye hana habari.

Choma_Kijenge

Duh. Kwa hiyo dawa yangu ni kurudishiwa kimeng'enya cha panya?

Mpima_Damu

Si cha panya, ni cha nguruwe! Marekani waliruhusu mwaka 2010 dawa ya sindano ya mshipani iitwayo peglotikesi, kimeng'enya kilichotengenezwa kwa kufuata jeni ya nguruwe iliyochanganywa kidogo na ya nyani. Ni ya wale walioshindikana na dawa za kawaida, na bei yake tusiizungumze. Wewe kama daktari alikuandikia alopurinoli, endelea nayo, hiyo inapunguza utengenezaji wa asidi yenyewe. Na ukimaliza kuchoma, yale maini wape wateja.

Chalii_wa_Sakina

Kiti moto kinaleta gauti halafu kinaitibu hahaha. Mkuu umemaliza kazi.

Binti_Mbuyuni

Mimi nina swali linaloniogopesha kidogo. Mama yangu alibadilishiwa valvu ya moyo, anakunywa wafarini kila jioni na anapimwa damu mara kwa mara. Jirani akamwambia hicho kidonge ni sumu ya panya, mama akataka kuacha. Ni kweli?

Mpima_Damu

Dada, kwanza asiache, tafadhali. Valvu ya chuma bila dawa ya kuzuia damu kuganda ni hatari kubwa.

Pili, jirani hajadanganya, ila kasema nusu. Wafarini iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya. Ilitokana na kazi ya Karl Paul Link kule Wisconsin. Wafugaji wa Amerika ya Kaskazini walikuwa wanapoteza ng'ombe waliovuja damu baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu, na yeye na wenzake wakaitafuta kemikali iliyosababisha. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower akapewa baada ya shambulio la moyo.

Kwa nini inafanya kazi kwetu na kwao? Kwa sababu jeni ni ile ile: VKORC1. Kimeng'enya chake kinaifufua vitamini K iliyokwisha kutumika, ili ini liweze kukamilisha protini za kugandisha damu. Wafarini inakifunga. Protini zilizokwisha kuwepo kwenye damu zinachukua siku kadhaa kuisha, ndiyo maana panya aliyekula leo kesho bado unamwona anakatiza jikoni, na ndiyo maana mama dozi yake ikibadilishwa leo haionekani kwenye kipimo kesho asubuhi. Yeye anapewa kidogo, kwa kipimo, na akizidishiwa vitamini K inamrudisha. Tofauti iko kwenye kiasi na kwenye daktari anayesimamia.

Mchicha na sukuma wiki ale, lakini kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki. Mboga hizo zina vitamini K nyingi. Akila sufuria nzima leo halafu wiki mbili asiguse, kipimo kitayumba na daktari atashindwa kuelewa.

Fundi_Redio

Hapo kwenye sumu nina ushahidi. Nimewatega panya wa dukani kwangu Majengo kwa sumu za kila aina, kuna wanaokula na kurudi kuongeza. Ni sugu au sumu feki?

Mpima_Damu

Sumu yako sijaipima, kwa hiyo feki siiondoi. Lakini usugu upo kweli duniani. Uliripotiwa kwa panya wakubwa Scotland mwaka 1958, miaka 10 tu baada ya sumu kuingia sokoni. Mwaka 2004 jeni ikajulikana, na raha ya hadithi ni kwamba ilipatikana kwa kusoma panya sugu na watu ambao wafarini haiwashiki, pamoja na familia zenye kasoro ya kuganda damu. Wote wana mabadiliko kwenye VKORC1. Mpaka leo tofauti ndogo za jeni hiyo ni sababu mojawapo ya mtu mmoja kuhitaji dozi kubwa na mwingine ndogo.

Kisha mwaka 2011 ikaonekana kwamba panya wa nyumbani wa Ujerumani na Hispania wengine hawakujitengenezea usugu wao. Waliupata kwa kuzaa na panya wa jamii nyingine, Mus spretus, na jeni sugu ikaingia ukoo wao. Walioa, kwa kifupi.

Daktari_Mtarajiwa

Nipo mwaka wa mwisho udaktari. Mada nzuri lakini mimi nampinga mleta mada upande mmoja: mnawapamba sana panya. Dawa nyingi zinafaulu kwa panya zinafeli kwa watu. Malaria yenyewe, ugonjwa wetu mkubwa, falsiparamu, kimelea chake kikuu kwa watu, haishiki panya wa kawaida! Wanatumia kimelea kingine, Plasmodium berghei, kilichopatikana mwaka 1948 kwa panya wa vichakani kule Katanga, Kongo. Ni mdudu mwingine kwenye mnyama mwingine. Ndiyo maana chanjo ya malaria ya RTS,S hatimaye ilibidi ijaribiwe kwa watoto wenyewe, wakiwemo wa Korogwe na Bagamoyo.

Mpima_Damu

Nakubaliana na kila ulichoandika, mkuu, isipokuwa neno "kuwapamba". Berghei inachuja. Dawa iliyoshindwa kabisa kwake mara nyingi hutaipeleka mbele, na hapo umeokoa muda na watu. Inayofaulu, hujajua chochote mpaka iende kwa binadamu. Yule mwalimu wa kwenye grupu kakosea hapo hasa, kachukua chujio akalifanya cheti.

Na wakati mwingine ukuta kati yetu ni mwembamba. Virusi vya polio kwa kawaida havimpati panya, kwa sababu seli zake hazina kipokezi cha kuviingiza. Mwaka 1990 watafiti walimpandikizia jeni moja ya binadamu, ya kipokezi hicho, na panya akapooza kama mtoto. Kuna mahali jeni moja inatosha, na kuna mahali unabadilisha nyingi na bado hupati ugonjwa unaofanana na wa mtu.

Daktari_Mtarajiwa

Hapo kwenye chujio tumeelewana.

Chalii_wa_Sakina

Na panya buku wale wa Morogoro wanaonusa mabomu na kifua kikuu? Nao ni hawa hawa?

Mpima_Damu

Hapana, panya buku ni familia nyingine, yuko mbali na panya wa nyumbani. Lakini kwenye harufu panya wote wametuacha. Panya wa nyumbani ana jeni hai za vipokezi vya harufu zaidi ya 1,000, sisi tumebaki na kama 400, nyingine nyingi zimekufa zikiwa mahali pake, yaleyale ya yurikesi.

Dada_wa_Njiro

Kabla uzi haujafungwa, niwaletee la nyumbani. Wengi tuliokulia chini ya Meru tuna meno ya kahawia kwa sababu ya floridi kwenye maji, inatoka kwenye miamba ya volkano. Mimi na mdogo wangu tumekunywa kisima kimoja, yangu yameharibika, yake yana madoa tu. Watafiti Marekani waliwapa panya wa koo mbalimbali maji yenye floridi sawa. Ukoo wa A/J meno yaliharibika haraka, ukoo wa 129P3/J karibu hayakuguswa. Maji ni yale yale, jeni ni tofauti. Baadaye walifuatilia wakafika kwenye sehemu za kromosomu 2 na 11.

Chalii_wa_Sakina

Dada usinichekeshe, mimi ni A/J kabisa, wenzangu wananiita Meno ya Chai. Sasa mtoto wangu ana mwaka mmoja, nimchemshie maji?

Dada_wa_Njiro

Kuchemsha kunaua vijidudu, floridi haitoki, tena maji yakipungua yanabaki makali zaidi. Mpe maji ya mvua au ya chanzo kilichopimwa, au chujio la mkaa wa mifupa, lile walilolifanyia kazi miaka mingi pale Ngurdoto. Chemsha baada ya hapo. Na magadi kwenye makande yake acha, nayo yana floridi. Meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi mpaka karibu miaka 8, kwa hiyo muda wa kumlinda ni huu.

Chalii_wa_Sakina

Lile chujio linauzwa wapi kwa Arusha mjini? Aliyenunua karibuni anitupie bei.